Mlango wa Mbele

Jumamosi ya kufungua majengo ya kale, Moshi.
Nimevaa fulana ya kamati, nimeshika karatasi:
ghala la kahawa, kuta za mawe,
madirisha kumi na manne, bati lililovuka bahari.
Watoto wa shule wananakili. Mtu anauza kashata.

Nasoma jina la mhandisi, ulimi unajikwaa.
Nasoma mwaka. Nageuza karatasi.

"Hapa palikuwa na beseni,"
anasema bibi yangu Aikaruwa,
na mkongojo wake unagonga sakafu, ko, ko,
kama anayetafuta mahali panapoitika.
"Beseni langu na Ndeanansia.
Tulichambua buni mpaka kucha zikawa nyeusi.
Nyapara alihesabu magunia, sisi hakutuhesabu."

Karatasi haina beseni.
Wageni wananitazama mimi, kisha yeye,
na mmoja mmoja wanahamia upande wake.

Anawaonyesha pembe alikoficha ndizi mbivu,
ufa uliopitisha baridi ya Mlima mwezi wa saba,
na ukutani, chini ya rangi tatu, anasema,
kuna mistari ya mkaa:
siku za kungoja mshahara.
Fundi Mbasha anakwangua kwa ukucha wa gumba.
Mmoja. Wa pili.
Anaendelea kukwangua, hakuna anayeongea.

Saa nane, manyunyu. Tunafunga.
Naelekea uani, tulikoingilia.
Ananishika mkono.
"Miaka kumi na tisa nilipita nyuma,"
anakaza kitenge, anasimama
katikati ya mlango wa mbele.
"Ngoja kwanza. Niache nitoke polepole."