Nakala ya Machi

Radi ilipiga nguzo ya umeme, nje ya Maribor,
na kompyuta ya Zdenka ikazima
kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

Gorazd, mwanawe, akaja na diski ya nje,
ile aliyokuwa akiichomeka Ijumaa moja moja
huku mama akimnunia:
"Unahifadhi nini? Hesabu za mizinga?"

Sasa wamekaa. Asilimia nne.
Chai imepoa. Bado asilimia nne.
Halafu mafaili yakaanza kurudi
kama nyuki jioni:
asali ya mwaka juzi, bima ya gari,
mjukuu mwenye pengo, picha ileile mara tatu.

Na barua.
Ile aliyomwandikia dada yake Milojka
usiku wa kugawana shamba;
hakuituma. Aprili akaifuta,
akamwaga hata pipa la taka.
Kwenye diski, bado ni Machi.

"Na hii tuirudishe?" Gorazd anauliza, hajasoma.
Zdenka anavaa miwani.
Anaisoma mpaka mwisho, midomo ikichezacheza,
anasahihisha jina la kijito,
anabonyeza hifadhi.

"Ijumaa," anasema, "usije bila diski."