Keziah Hafi

Kurasa mia nne na kumi na mbili, na hafi.
Nakiri nilimngojea afe tangu ukurasa wa thelathini,
pale alipomwachia mzee Tobit chupa tupu
akaondoka na ile iliyojaa,
na mwandishi akamwita jasiri.

Ni Februari hapa Dauphin. Umeme umekatika tangu jioni,
nami nasoma kwa tochi ya kichwani ya marehemu Bohdan,
aliyokuwa akiivaa akiingia chini ya trekta.
Ndiyo kazi niliyojitolea: kila kitabu kilichochoka
kisomwe na mtu kwanza, ndipo maktaba iamue,
kibaki, au kitupwe.

Dunia imekwisha, kwa mujibu wa sura ya kwanza,
kwa sababu ambazo sura ya pili imezisahau.
Mara ni moto, mara ni ugonjwa wa macho.
Miji imeungua, lakini nywele zake zinanukia tufaha.
Ana kisu. Ana wavulana wawili,
mmoja mpole, mmoja mwenye kovu,
wasio na shughuli nyingine kiama hiki kizima
ila kumtazama akitazama mbali.
Hakuna anayekwenda haja. Hakuna anayeumwa jino.
Theluji yaanguka kurasa kumi
na hakuna hata mmoja aliyeshika koleo.

Nami nayajua kidogo mambo ya kwisha.
Mwaka ule wa barafu, nguzo zilipolala njiani kama walevi,
Lachlan McKerrow wa ng'ambo ya barabara,
tusiyesemezana naye miaka sita kwa ajili ya uzio,
alivuta waya wa jenereta yake hadi dirishani kwangu,
akagonga kioo, akaonyesha kwa kidole:
friji au tanuri. Chagua.
Kisha akarudi kwake kuendelea kununa.

Keziah hagawi hata pumzi.
"Sikuomba kuwa hivi," anasema, mara kumi na saba;
nimezihesabu kwa vijiti nyuma ya bahasha, kama mfungwa.
Mdogo wake analia, yeye anakikasirikia kilio.
Mama yuko hoi, yeye anawaza viatu.
Baba yangu angemwita mtovu wa shukrani,
halafu Kiukraini chake kingeongeza mengine
yasiyoandikika.

Ukurasa wa mia mbili na tisa nikaona penseli.
Herufi ndogo, zimeinamia kushoto,
za mtu anayeandika huku akiziba kwa mkono wa pili:
*na mimi pia.*

Nikarudi juu nione ni lipi hilo, na yeye pia.
Ni pale Keziah anaposimama mlangoni,
mama yake akimwita kwa jina la utotoni,
akimwita, akimwita,
naye haingii.

Tochi ikaanza kugeuka manjano.
Maktaba yetu bado ina kadi. Nikaichomoa:
majina kumi na moja, na sita kati yake ni jina moja,
Darcy Wozny, Darcy Wozny, Novemba hadi Aprili,
msimu ule aliokuwa akija kila siku baada ya shule
akakaa pembeni ya kipasha joto na koti lake mwilini
mpaka nizime taa ya mwisho,
nami nikimwambia, kwa upole niliojivunia:
haya mwanangu, nenda nyumbani, mama anakungoja.

Keziah simpendi bado. Niseme wazi.
Sentensi zake zinachechemea, na yule wa kovu
anafufuka bila maelezo yoyote.
Kwenye fomu niliandika *kibaki*, nikafuta,
nikaandika tena kwa kukandamiza.
Penye *sababu* sikujaza kitu.

Ukurasa wa mwisho amekaa juu ya paa la basi lililoungua,
hajafa, hajajifunza chochote,
anatafuna pichi za kopo asizomkaribisha mtu.
Na chini, penseli ileile, imefifia:
*sawa.*

Ng'ambo ya barabara jenereta ya Lachlan ilikohoa, ikawaka.
Nikakaa kimya, nikisikiliza kama kuna hatua kwenye theluji.