Harusi ya Alhamisi

Harusi ya Francistown ilivunjika Alhamisi,
nasi tulikuwa tumeshajaza mafuta.
Oteng akasema, basi twende kaskazini.
Hakuna aliyeuliza kaskazini ipi.

Viatu vya Lorato, vya visigino virefu,
vikaionja chumvi ya Makgadikgadi
pale gurudumu lilipozama.

Tukasukuma. Tukacheka.
Tukanyamaza:
ndovu dume, vumbi hadi kwenye kope,
alisimama akatutazama
jinsi mwenye nyumba anavyowatazama
wasiopiga hodi.

Mmoloki, aliyepakata keki tangu Gaborone,
akaikata kwa kadi ya benki.
Tukala kwa mikono ya grisi.

Usiku, mtandao uliporudi,
bibi harusi akapiga.
"Mko wapi?"
Hatukujibu. Tuliielekeza simu gizani
asikie fisi
wakimcheka bwana yule.