Mkalimani wa Bibi Polya

Alishuka Moshi na begi moja, kitambaa cheupe kichwani,
akakataa nyama siku ya kwanza. Mama akaguna jikoni:
mgeni gani huyu, wa kupikiwa mtori bila mfupa?
Nikamweleza, ni Mdukhobori.
Huo ni ugonjwa, akauliza, au ni dini?

Miaka arobaini ya kuandika barua:
kwa mawaziri, kwa majenerali, kwa wake wa majenerali.
Saba tu zilijibiwa. Alizihesabu kwa vidole,
vikabaki vitatu.
"Hivi," akasema, "vya kushikia mkate."

Usiku, kibarazani, alinisimulia ule moto:
bibi wa bibi yake akiwa binti, bunduki zimerundikwa kama kuni,
mafuta yakamwagwa, watu wakaimba wakizunguka,
kisha wapanda farasi wakaja na mijeledi.
Walichapwa, wala hawakuinua mkono.
Kwetu, asiyeinua mkono tunamwitaje?
Nikatafsiri, "walivumilia."
Halikutosha. Najua hadi leo halikutosha.

Jumamosi tukapanda Kidia, kwa Ndekirwa na Kiwia,
tumbo moja, mfongo mmoja, miaka kumi na moja bila salamu,
kila mtu na panga lake, eti la majani ya ng'ombe.
Nilitegemea hotuba. Nilikuwa nimenoa ulimi njia nzima.

Yeye akainama.
Mbele ya Kiwia, mpaka ncha ya kitambaa ikagusa tope;
akavuka mfereji, akainama mbele ya Ndekirwa, vilevile.
"Waambie simwinamii mtu. Namwinamia aliyemo ndani."
Nikawaambia. Kimya.
Kuku akapita.
Kiwia akacheka: mzungu kadondosha pete.

Tukashuka mikono mitupu. Njiani akanunua ndizi mbivu,
akamenya, akanipa nusu,
hakuniuliza kama tumeshindwa.

Wiki ya pili maji yakafika usiku kwenye kahawa ya Ndekirwa.
Asubuhi, ukingoni, jani la isale, limefungwa fundo.
Nani kaliweka? Kila ndugu anamtaja mwenzake.
Wanabishana hadi sasa, wameketi benchi moja.

Barua ya msiba ilinikuta Kiboriloni, nauza madaftari.
Nikaweka mezani kama alivyokuwa akiweka yeye:
mkate, chumvi kwenye kifuniko cha chupa, maji kwenye kikombe cha bati.
Mama haoni vizuri siku hizi. Akapapasa meza, akanuna:
na mtori wa mgeni uko wapi?

Nikawasha jiko.
Bila mfupa.