Usiulize Saa Ngapi

Nilijiandikisha Januari, kwa maringo tu.
Mazoezi? Rau mara tatu,
na ya nne mvua ikanirudisha kabla ya reli.

Leo alfajiri, mnara wa saa, Moshi:
namba mia na arobaini na saba kifuani,
baiskeli ya shemeji Elineema,
kiti chake kigumu kama deni.

Hadi Kwa Sadala nilikuwa bingwa.
Nikawapungia watoto mkono, mkono mzima.
Kibo nyuma yangu, kama mwalimu wa zamu,
kimya, anajua sikufanya kazi ya nyumbani.

Boma Ng'ombe upepo ukaingia bila hodi.
Mapaja yakafungua kesi na magoti.
Njiapanda ya KIA ndege ikapaa
nami nikashuka gia, ya mwisho,
nikatafuta nyingine chini yake. Haipo.

Kikatiti akanipita kijana wa majani ya ng'ombe,
mzigo mpana kuliko barabara,
kandambili, hana namba, hana haraka.
"Pole, bro."
Wala hakuhema.

Maji ya Chai nilikunywa maji, chai sikuiona.

Halafu lile gari la kuzoa waliochoka
likanifuata polepole kama fisi mwenye adabu.
Dereva anatafuna hindi la kuchoma.
Akafungua mlango, hakusema neno.
Nikautazama ule mlango
tangu Usa hadi mlima wa Tengeru,
ambao niliupanda kwa miguu,
nikiisukuma baiskeli ya watu kama mgonjwa.

Arusha walikuwa wanakunja bango.

Nilifika, mke wangu.
Weka maji ya moto, yenye chumvi.