Sekunde Tisa

Miaka ishirini na miwili niligawa karata
juu ya duka la zana la Halvorsen, mjini Butte, Montana:
meza moja, viti vinane, taa yenye kofia ya bati,
na theluji imejibanza dirishani kama mdai.

Nilivijua vidole kabla ya nyuso.
Dusan Vukovich, mjukuu wa wachimba shaba,
akishika ree mbili alipumua kwa pua, taratibu,
kama mtu aliyebeba bakuli la supu ya moto.
Daktari wa meno alizitazama kete zake karata zikiwa njema,
zikiwa mbovu alinitazama mimi.
Na Orrin Tveit, dereva wa malori,
uso wake ukuta uliopigwa chokaa.
Ila pete.
Akitaka kubabaisha aliizungusha pete ya ndoa, mara moja,
akahesabu kitu kimoyomoyo,
ndipo akasukuma kete zote katikati.
Sekunde tisa. Nilizihesabu na mimi,
sikumwambia mtu.
Mgawaji hana upande, ana macho na bakshishi.

Pale uongo ulikuwa na harufu:
kahawa iliyolala, koti la sufu lililolowa.
Ukimla mwenzio ulimwona akitafuta glavu,
ukamsikia akishuka ngazi, gari lake likigoma kuwaka,
na wewe uliyemla
ndiwe uliyetoka na nyaya, barafuni, kumwashia.

Halvorsen amekufa. Chumba kinauza mikeka ya mazoezi.
Mimi niko jikoni, baridi yabisi viganjani,
nacheza meza nne kwa pamoja
kwenye kioo kidogo kuliko sinia.
Karata hazichangwi, zinatokea tu.
Hakuna anayekohoa.
Huyu ni paka, yule gari jekundu, yule fuvu lenye miwani,
na anayenila huenda yuko Manila,
huenda yuko nyumba ya pili,
huenda si mtu.

Sikatai, kuna raha yake.
Navaa soksi moja. Nakula maharage kwenye kopo.
Mikono hii inavyotetemeka siku hizi,
kwa Halvorsen ingeniuza kabla sijaketi.
Hapa nimewahi kulia, kulia hasa, nina karata takataka,
na wote watano wakakimbia.

Jumanne, saa nane za usiku,
akaja mmoja, picha yake ndoo ya bluu.
Anacheza upesi: sekunde mbili, tatu, mbili.
Ikafunuka karata ya tano, saba ya pau,
na ndoo ikanyamaza.
Mduara wa kijani ukaanza kujila ukingoni.
Sita. Saba.
Nilijikuta nimeinua kidole, kama niko kazini.
Nane.
Tisa.
Kete zote.

Nilikuwa na malkia wawili. Walitosha.
Nilisikia Orrin alimzika mkewe,
akahamia kwa bintiye, Spokane.
Pete sijui kama bado anaivaa.
Au mtandao wa mtu ulikwama tu,
au mtu alikwenda kuzima jiko.
Nikaandika kwenye kisanduku cha maneno:
*Orrin? Ni Verna.*
Saa yangu nayo ikawa inaliwa.

Kimya. Lakini kimya cha kule kilikuwa na kiti,
kiti kikilia, ukajua anahama paja.
Kimya hiki hakina hata mbao.

Nikawalaza malkia wangu.
Lundo likateleza kwake bila mlio,
na yeye, bila kulazimishwa na yeyote, akafunua:
mbili ya kopa, tano ya uru.
Mikono mitupu kabisa.

Orrin hakuwahi kumwonyesha mtu karata zake.
Si kwangu, si kwa yeyote, miaka yote ile.

Ndoo ikatoweka.
Nilikitazama kiti chake,
mpaka akakikalia paka.