Mashine Imesema Sina Vidole

Redio ya Bukuru imetangaza asubuhi, nikianika,
kwamba akili mnemba imefika na inazitaka kazi zetu.
Karibu sana Kibirizi.
Nimeitengea kichanja cha tatu kutoka mwisho,
kile kilicho karibu na choo cha wavuvi.
Ianze saa kumi alfajiri, mitumbwi ikirudi,
ibebe ndoo, ibishane bei na Ntakije
ambaye hesabu humpotea akidaiwa tu.
Mkono mmoja ifukuze kunguru,
wa pili imshike mtoto anyonye.
Mshahara tutauzungumza jua likiwaka.

Jua. Hapo ndipo tulipogombana.
Butoyi alinipakulia programu ya hali ya hewa
yenye kipicha cha jua linalocheka.
"Shangazi, hii inayaona mawingu kutokea juu."
Mimi nilikuwa nayaona kutokea chini:
milima ya Kongo imejifunga kilemba cheusi.
Lakini nani abishane na aliye juu?
Nikamwaga debe nane.
Mvua ilipokwisha, jua la kwenye simu
lilikuwa bado linacheka.
Butoyi akaiuliza, imekuwaje?
Ikajibu kwa Kiswahili cha mgeni rasmi:
"Naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."
Radhi nimeipokea. Nimeipima.
Haijai hata kisado.

(Kesho yake nikaisalimia kwa upole, mwakeye.
Ikaniuliza kama nilitaka kuandika mwakani.)

Bukuru naye alinunua simu inayofunguka kwa uso,
uso wa mwenyewe tu, duniani kote,
muuzaji wa Mwanga aliapa kwa marehemu mama yake.
Siku ya tatu pacha wake akaitazama,
ikamfungukia kama jiko la bibi.
Butoyi akasoma meseji za mchumba,
akajibu mbili,
akajikopea bando.
Mama yao hajawahi kuwachanganya,
hata umeme ukikatika. Anawajua kwa kikohozi.

Sasa lililonitoa dagaa mikononi.
Tuliambiwa laini zihakikiwe upya.
Nikapanga foleni Mwanga, nyuma ya mama wa mawese,
na kijana wa mwavuli akanishika kidole
akakibonyeza kwenye kioo.
Rudia. Futa mafuta. Lete kingine.
Vikaisha vyote kumi.
Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyesoma:
"Mama, mashine inasema huna alama."

Sina alama!
Miaka thelathini na mmoja ya chumvi na mchanga,
magamba ya migebuka, mwiba huu hapa wa mwaka ule wa kipindupindu,
mimi nilidhani ndizo alama zenyewe.
Mama wa mawese naye hana.
Fyatua-matofali wa Gungu hana.
Foleni nzima, aliyesomeka mara ya kwanza
ni bwana mmoja wa mikopo ya simu,
vidole laini kama andazi la moto.

Na hao wa mikopo nina swali nao.
Nilipochelewesha elfu ishirini
mbona simu hiihii ilinijua?
Ilinijua jina la ubatizo na la utani.
Ilimtumia ujumbe shemeji yangu Kasulu,
ikamtumia katekista,
ikamtumia mwanamume niliyeachana naye kabla simu hazijaja.
Kumbe nasomeka.
Inategemea nani anasoma, na anatafuta nini.

Laini yangu imefungwa tangu Jumanne.
Wateja wa Tabora wanapiga, wanaambiwa sipatikani,
nami nimesimama hapahapa, nanuka samaki hadi stesheni.

Jioni redio inasema matajiri wanajiandaa kuhamia Mirihi.
Ntakije anacheka. Mimi nimeacha kucheka, nasikiliza:
huko mvua hakuna kabisa, wanasema,
ni mchanga mkavu mpaka macho yanapokoma.
Nimeanza kupiga hesabu ya magunia.
Ila wasiwe wanapima vidole mlangoni.